Cheni inakaza sehemu moja: hesabu mizunguko kabla ya kununua

Ilianza kama wimbi dogo chini ya nyayo. Niko gia ya tatu, barabara tambarare, mkono umetulia kwenye mafuta, na pikipiki inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Injini inanguruma vizuri, haikosi hata mpigo. Nikiongeza mwendo wimbi linapotea. Nikishuka hadi kilomita 20 kwa saa linarudi, karibu mara moja kila sekunde. Wiki nzima nililaumu kabureta. Nikaisafisha, nikabadilisha plagi, wimbi likabaki palepale.

Nikikumbuka sasa ile "mara moja kila sekunde", naona jibu lote lilikuwa humo. Kilomita 20 kwa saa ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Tairi langu la nyuma likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 1.85, kwa hiyo kwa sekunde moja linazunguka mara tatu. Kitu kinachotokea mara moja kwa sekunde hakiwezi kuwa kwenye tairi, na hakiwezi kuwa kwenye injini, ambayo inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kilichobaki kinachozunguka polepole kiasi hicho ni cheni yenyewe.

Pikipiki yangu ni ndogo, ya kazi. Cheni ni ya 428, ina pingili 118. Sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42. Naziandika namba hizi kwa sababu nitazitumia hadi mwisho. Wewe hesabu za kwako, haichukui dakika tano. Tairi likizunguka mara moja, sproketi ya nyuma imepitisha pingili 42. Ili pingili zote 118 zipite, tairi lazima lizunguke mara 2.8. Na kila tairi linapozunguka mara moja, sproketi ya mbele imezunguka mara tatu. Kwa hiyo kuna vitu vitatu vinavyozunguka, na kila kimoja kina mwendo wake usiofanana na wa mwenzake. Cheni ikikaza sehemu moja, swali la kwanza ni hili: inakaza kwa mwendo wa nani?

Kabla sijajua hayo nilimpelekea fundi. Akainama, akainua cheni kwa kidole katikati ya sproketi mbili, ikapanda sana. "Imelegea hii, dada," akasema. Akalegeza nati ya ekseli, akakaza ajasta, skrubu zinazosogeza ekseli, za pande zote mbili, dakika kumi nikaondoka. Wimbi likazidi. Na sasa likaja na mlio mwembamba kutoka upande wa sproketi ya mbele, kama mtu anasaga meno usingizini. Hakuzungusha tairi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na sikumwambia azungushe, maana sikujua kama kuna haja.

Haja ipo, na ni kubwa. Cheni iliyochakaa bila usawa ina sehemu iliyolegea na sehemu iliyokaza. Ukiipima pale ilipolegea na kuikaza hapo, ile sehemu nyingine inakuwa kamba ya gitaa. Tena pikipiki ikibeba mzigo, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka mpaka shafti ya mbele, pini ya mkono na ekseli ya nyuma zikae kwenye mstari mmoja. Cheni isipokuwa na nafasi ya kufuata umbali huo, inavuta shafti ya giaboksi na beringi yake kila unapopita shimo. Beringi hiyo iko ndani ya injini. Kuitoa ni kufungua injini. Ndiyo maana sikubali tena mtu akaze cheni yangu bila kuizungusha: mchezo wa cheni, yaani umbali inaopanda na kushuka kwa kidole, hupimwa pale inapokaza kuliko kote, na ukikuta hapo uko sawa lakini kwingine inaning'inia kupita kiasi, ajasta haina msaada. Cheni imekwisha, au kuna kitu kingine hakijakaa sawa.

Jumapili nikaipandisha kwenye stendi kubwa uani. Injini imezimwa, nyutro, ufunguo mfukoni. Nasisitiza ufunguo mfukoni kwa sababu wapo wanaowasha injini, wanaweka gia ya kwanza na kuacha tairi lizunguke lenyewe huku wanashika kitambaa karibu na cheni. Kitambaa kikishikwa na meno kinaingia pamoja na kidole, na cheni haisimami kukusubiri. Zungusha kwa mkono, polepole.

Mdogo wangu alikuwa upande wa tairi, mimi nimechuchumaa na rula. Tukapaka chaki pingili ya kilipu, ile inayounga cheni, iwe namba moja yetu. Yeye anasogeza tairi robo, mimi nashusha cheni ya chini kwa kidole, naipandisha, nasoma milimita, yeye anaandika kwenye sakafu. Robo ya tairi ni pingili kumi na nusu hivi, kwa hiyo vipimo kumi na kimoja vinamaliza cheni nzima. Tulipata 30, 31, 34, 38, 41, 36, 30, 22, 17, 19, 26.

"Dada, hapa umesema kumi na saba?"

"Kumi na saba. Weka chaki kwenye pingili iliyo juu ya sproketi ya nyuma, halafu niambie valvu ya tairi iko wapi."

"Iko chini."

Tukaendelea mpaka chaki ile ya pili ikarudi juu ya sproketi. Cheni ikakaza tena, 17 ileile. Safari hii valvu ilikuwa pembeni. Mzunguko wa tatu valvu ikawa mahali pengine kabisa. Chaki ya kwenye cheni ikawa palepale kila mara. Hapo nikajua kwa hakika: kilichokaza ni mali ya cheni. Sproketi hazihusiki.

Sasa kuna jambo lililonisumbua kichwa, na nadhani linawasumbua wengi wasipolisema. Cheni ni duara lililofungwa. Urefu wake wote haubadiliki ukiizungusha. Inakuwaje basi ilegee hapa na kukaza pale? Jibu liko kwenye meno. Pingili zilizolala juu ya sproketi zimehesabiwa: kila jino linashika pengo lake, hakuna nafasi ya kuning'inia. Zile pingili ndefu zilizochakaa zikiwa hewani, kati ya sproketi mbili, urefu wao wa ziada unaonekana wote kama ulegevu. Zikifika juu ya sproketi ya nyuma, urefu ule unamezwa na meno, tena rola zinapanda kidogo juu ya jino badala ya kukaa shimoni. Hewani zinabaki pingili nzima tu, ambazo hazina ziada, na cheni inakaza. Ndiyo maana ukiona cheni imekaza, usitazame tu kipande kilicho mbele ya kidole chako. Kipande kibaya huenda kimejificha kwenye mzunguko wa sproketi. Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu apake chaki juu ya sproketi.

Nikapima. Cheni ya 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, nusu inchi kamili. Ile 4 ya mwanzo ndiyo inayosema hivyo, nne ya nane ya inchi. Cheni za 520, 525 na 530 ni tano ya nane, yaani 15.875. Pingili 20 za 428 mpya ni milimita 254. Unapima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21, cheni ikiwa imevutwa isilegee, na ni rahisi kukosea ukahesabu pini 20 badala ya 21, kwa hiyo hesabu mara mbili. Sehemu tatu za cheni yangu zilisoma kati ya 255.5 na 256. Sehemu ya nne, ile ya chaki, ilisoma 259.

Ongezeko la 1% lingekuwa 256.5. Ongezeko la 2% ni 259. Vitabu vya pikipiki havikubaliani hapa: vingine vinakata kabla ya 1%, vingine vinaachia mpaka karibu 2%. Fuata cha pikipiki yako. Mimi kwa cheni yenye oringi, vile vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya pingili, nasimama kwenye 1%, na kwa cheni ya kawaida sisubiri ifike 2%. Lakini hata mwenye kitabu kinachoruhusu zaidi asingeiacha cheni yangu barabarani, kwa sababu tatizo halikuwa urefu peke yake. Theluthi moja ya cheni ilikuwa imezeeka, theluthi mbili bado zilikuwa na maisha, na zote zilikuwa zinafanya kazi moja.

Watu husema cheni imevutika. Nilitaka kuona. Baada ya kuitoa nilisaga vichwa vya pini mbili za sehemu ile mbaya, nikazigonga zikatoka. Bamba za pembeni zilikuwa na urefu wao wa kiwandani; chuma hakikuvutika. Pini ndiyo iliyokuwa imeliwa. Pande mbili za mwisho, zinapokaa kwenye bamba za nje, zilikuwa na unene wao wa awali. Katikati, pale inapozunguka ndani ya bushi, kile kibomba kinachoizunguka pini, kulikuwa na kiuno upande mmoja, kinang'aa kama kioo, na nikipitisha ukucha unakwama kwenye ngazi. Kilichoondoka ni kidogo sana. Ongezeko la 1% ni milimita 0.127 kwa kila pingili, kama unene wa karatasi nzito. Lakini karatasi 118 zinafika milimita 15, na ndiyo sababu ekseli inarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Pini ya tatu niliitoa kwenye sehemu nzima ili nilinganishe. Hiyo ilikuwa na oili nyeusi bado, na ukucha ulipita bila kukwama.

Kwenye ile sehemu mbaya, kati ya bamba na bamba, kulikuwa na vumbi jekundu linalofanana na unga wa matofali. Ukiliona hilo kwenye cheni yako, usilifute ukaendelea na safari. Ni kutu inayosagwa. Pini na bushi vimekauka, vinasuguana chuma kwa chuma. Kwa cheni ya oringi maana yake ni kwamba oringi ya pingili ile imekatika au imechomoka, grisi iliyofungiwa ndani imetoka, na oili utakayopaka nje haitafika ndani ipasavyo.

Kwa nini sehemu moja tu? Niliwaza sana, nikapata sababu mbili, na zote ni za kwangu. Msimu wa mvua nilisafiri majuma matatu nikaiacha pikipiki chini ya ukingo wa paa, matone yanaangukia nyuma, kipande kilekile cha cheni kinalowa na kukauka. Ya pili ni jinsi nilivyokuwa napaka oili. Nilikuwa nasukuma pikipiki mbele mpaka tairi lizunguke mara moja, huku nadondoshea cheni, nikiamini nimeizungukia yote. Tairi likizunguka mara moja ni pingili 42. Nilikuwa napaka zaidi kidogo ya theluthi moja ya cheni na kuziacha pingili 76 bila tone. Siku hizi napaka raundi tatu kamili za tairi, cheni ikiwa ya moto nimetoka safarini, nikielekeza oili upande wa ndani wa cheni ya chini ili mzunguko uisukume nje kupitia rola. Kwa pikipiki yako gawanya pingili kwa meno ya nyuma, utajua ni raundi ngapi.

Nikanunua seti: cheni na sproketi zote mbili. Hapa sina mjadala. Cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha inaliwa haraka, na meno mapya chini ya cheni ndefu yanakuwa ndoana. Nilifungua kifuniko cha mbele nikaona sproketi ya mbele imekwisha kuliko ya nyuma, jambo la kawaida, kwa sababu meno 14 yanapitiwa mara tatu zaidi ya meno 42. Wengi hawafungui kifuniko kile kabisa. Wanatazama ya nyuma, wanaiona nzuri, wanaridhika. Kipimo cha haraka cha nyuma ni kuvuta cheni kwa vidole pale inapozunguka mwisho kabisa wa sproketi, upande wa nyuma. Cheni mpya haisogei. Ikiachana na sproketi mpaka ukaona nusu ya jino, hakuna cha kusubiri.

Nikafunga seti mpya, nikapima. Ikakaza tena sehemu moja.

Nilikaa chini. Fedha imetoka, jasho limetoka, na wimbi liko palepale. Nilikuwa karibu kubeba cheni mpya kuirudisha dukani, niseme ni mbovu. Kilichonizuia ni ile chaki iliyokuwa bado mfukoni. Tukapima upya, mimi na mdogo wangu, vipimo vinne kila mzunguko wa tairi. Raundi ya kwanza 35, 28, 18, 27. Raundi ya pili 35, 27, 18, 28. Raundi ya tatu hivyohivyo. Na kila ilipofika 18, valvu ya tairi ilikuwa juu kabisa. Chaki ya kwenye cheni ilikuwa inazunguka popote inapotaka.

Kwa hiyo dalili ni ileile lakini mwenye kosa si yule. Mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa unarudi kila mizunguko 2.8 ya tairi. Sasa unarudi kila mzunguko mmoja. Hiyo ni ya nyuma: sproketi, habu (kitovu cha gurudumu) au beringi. Kama ingekuwa inakaza mara tatu tairi likizunguka mara moja, ningetazama sproketi ya mbele na shafti yake.

Onyo dogo kwa wenye namba zinazogawanyika. Ukiwa na cheni ya pingili 120 na sproketi ya meno 40, cheni inamaliza mzunguko wake tairi likizunguka mara tatu kamili, bila baki. Pingili ileile itakutana na jino lilelile maisha yao yote, na valvu itakuwa palepale kila chaki inapopita. Usidanganyike ukasema ni tairi. Hesabu raundi: ikikaza kila raundi ni ya nyuma, ikikaza raundi moja kati ya tatu ni cheni.

Nilianza na habu. Nikashika tairi juu na chini nikalitikisa, beringi hazikucheza. Boliti nne za sproketi zilikuwa zimekaza. Hapo nikafanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote kwenye kazi hii: nikafungua boliti, nikaigeuza sproketi nusu mzunguko juu ya habu ileile, nikafunga tena. Kama kosa ni la habu, cheni itaendelea kukaza valvu ikiwa juu. Kama ni la sproketi, kosa litahama nayo. Tukazungusha. Cheni ikakaza valvu ikiwa chini.

Nikaitoa nikaiweka mezani. Kwa venia kalipa nikapima kutoka ukingo wa tundu la katikati hadi shimo kati ya meno mawili, mahali pengi kuzunguka. Upande mmoja na ule unaoukabili vilitofautiana milimita 0.4. Tundu lilikuwa limetobolewa nje ya katikati kwa 0.2.

Milimita 0.2 ndiyo ilikuwa inashusha mchezo kutoka 35 hadi 18? Sikuamini mpaka nilipopiga hesabu, na hesabu hiyo imebadilisha kabisa jinsi ninavyoshika spana. Chukua nafasi ambayo cheni iko hewani upande wa chini. Kwangu ni kama milimita 560, nusu yake 280. Cheni ikipanda 15 na kushuka 15, jumla 30, unapata pembetatu mbili zenye kitako 280 na kimo 15. Upande wa mshazari ni 280.4. Mbili ni 560.8. Yaani mchezo wote ule wa milimita 30 unaouona kwa macho unatokana na urefu wa ziada wa milimita 0.8. Cheni inayocheza 10 tu ina ziada ya chini ya 0.1. Sasa rudi kwenye sproketi. Tundu likiwa nje kwa 0.2, sproketi inasogea mbele 0.2 na nyuma 0.2, jumla 0.4, na kwa kuwa cheni ina upande wa juu na wa chini, inadaiwa mara mbili. Ni 0.8. Inatosha kabisa kula karibu nusu ya mchezo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini cheni nyingi zinakazwa kupita kiasi na watu wenye nia njema. Skrubu ya ajasta ya M8 yenye nyuzi za kawaida inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Robo mzunguko ni 0.3, na kwa cheni ni 0.6. Robo moja tu ya spana inaweza kuushusha mchezo kutoka 30 hadi 15. Kwa hiyo sisogezi robo tena. Nasogeza kidogo kama mkono wa saa unavyopita dakika tano, upande wa kushoto, upande wa kulia, napima. Na napima tena baada ya kukaza nati ya ekseli, kwa sababu nati ikikazwa ekseli husogea. Ili isirudi mbele, nasokota kitambaa, nakiweka kati ya cheni ya chini na sproketi ya nyuma, nazungusha tairi kwenda mbele mpaka cheni ivute ekseli ikae kwenye ajasta, ndipo nakaza.

Sproketi niliirudisha. Niliichukua pamoja na karatasi ya vipimo na venia kalipa yenyewe, nikapima mbele ya muuzaji. Akaitazama kimya, akanipa nyingine. Hiyo nyingine niliipima hapohapo kaunta kabla ya kusema asante, tofauti yake haikufika 0.1.

Kuhusu mstari wa sproketi mbili sitakwenda mbali, ila usiziamini sana alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma. Mimi napima kwa waya kutoka katikati ya pini ya mkono hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, zilingane. Kisha natazama cheni kwa jicho moja kutoka nyuma, kama mtu anayelenga. Cheni iliyopinda inajitangaza: sehemu ya ndani ya bamba zake inang'aa upande mmoja, na meno ya sproketi yanachongeka ubavuni. Na kilipu ya pingili ya kuungia, upande wake uliofungwa utangulie mwelekeo cheni inakokwenda. Ukiugeuza, kitu chochote kitakachoigusa kinaweza kuichomoa.

Seti ile sasa imekwenda kilomita 900. Jana jioni tumeipandisha tena stendi, mdogo wangu akiwa na kalamu safari hii, tukaandika nyuma ya kadi ya huduma: 28, 27, 28, 28, 27, 29, 28, 27, 28, 28, 27. Ile ya 29 nimeiwekea tone la rangi nyeupe kwenye bamba la nje, na nitaanza kupima kutoka hapo mwezi ujao.